Moto haungoji mkutano

Hebu fikiria, msomaji, kwamba ni saa nane za usiku. Umelala chumbani mwako Gatwekera, mtaani Kibera, au katika ploti ya mabati huko Gatina, Kawangware. Unaamshwa na kelele za "Moto! Moto!" Moshi umekwisha kupenya katika mwanya ulio kati ya ukuta na paa, na stima imepotea. Je, ufunguo wa kufuli uko wapi? Ni nani atakayembeba mtoto mdogo? Na lango la ploti, ambalo hufungwa kila usiku kwa kuogopa wezi, litafunguliwa na nani?

Ikiwa huna majibu ya maswali hayo matatu sasa, ukiwa umetulia na gazeti lako mkononi, basi usitarajie kuyapata usiku huo. Moto haungoji watu waitishe mkutano. Kwa hivyo ni lazima mkutano utangulie.

Huenda ukauliza moto unatafuta nini katika ukurasa wa afya. Jibu ni kwamba moto ukishazimwa, kinachobaki ni ugonjwa. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili anaweza kulazwa kwa wiki au miezi, akisafishwa vidonda vinavyouma kuliko siku ile alipoungua. Ngozi hujikunja inapopona, mkono ukakataa kunyooka, na fundi cherehani au mama wa kuuza chapati akapoteza kazi yake. Aliyevuta moshi mwingi anaweza kuonekana mzima usiku, na asubuhi akashindwa kupumua. Magonjwa ya namna hii ni ghali kutibu, lakini mengi yanaweza kuzuiwa kwa jambo ambalo halinunuliwi dukani, nalo ni makubaliano.

Tuanze na ukweli kuhusu mahali tunapoishi. Vyumba vingi vya Kibera na Kawangware ni vya futi 10 kwa 10, vimejengwa kwa mabati juu ya mbao, na vinashiriki ukuta mmoja. Ndani, wengi wetu tumebandika katoni au kutundika pazia ili kuzuia baridi na macho ya watu. Humo humo mna godoro, stovu, mtungi wa gesi, na nyaya za stima zilizopita juu ya kitanda. Moto unaoanzia chumba cha kwanza hauhitaji muda mrefu kufika chumba cha sita. Januari 2018, moto uliozuka usiku katika mtaa wa Kijiji, Lang'ata, uliwaacha maelfu ya watu bila makao.

Kituo kikuu cha wazima moto cha jiji kiko barabara ya Tom Mboya, katikati ya mji. Hata dereva akiwa hodari namna gani, hakuna gari la maji linaloweza kupita katika kichochoro ambacho watu wawili hupishana kwa kugeuka upande. Serikali ya kaunti inapaswa kuulizwa kuhusu barabara na mabomba ya maji, na tusichoke kuuliza. Lakini kuwarushia mawe wazima moto kwa sababu wamechelewa hakuokoi hata mtoto mmoja. Piga 999 au 112 mara moja, mtume kijana akalipokee gari barabarani na kulionyesha njia, kisha ujue kwamba wazima moto wa dakika kumi za kwanza ni wewe na jirani yako.

Maoni yangu ya kwanza yanahusu mlango. Wakenya tumefunzwa somo la mlango kwa bei kubwa. Mwaka wa 1998 wasichana 26 walikufa katika bweni la shule ya Bombolulu, na Machi 2001 wavulana 67 wakafa katika shule ya Kyanguli. Kote kuwili palikuwa na milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama uliosema kwamba milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Basi kwa nini tunamtaka mtoto awe salama bwenini, halafu akirudi nyumbani tumlaze nyuma ya kufuli mbili na lango ambalo ufunguo wake uko kwa mwenye ploti anayeishi mtaa mwingine?

Sisemi tuache milango wazi. Wezi wapo. Ninachosema ni kwamba usiku, ukiwa ndani, tumia komeo linalofunguliwa kwa mkono bila ufunguo. Ikiwa ni lazima utumie kufuli, ufunguo uning'inie msumarini karibu na mlango, mahali pamoja kila siku, ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuufikia gizani. Nao ufunguo wa lango uwe kwa wapangaji wasiopungua wawili wanaolala humo humo. Mwenye nyumba anayekataa jambo hili aulizwe mbele ya wapangaji wote kama kodi anayopokea ni ya chumba au ni ya jela.

Kuna kufuli nyingine inayoniuma zaidi, ile inayofungwa kwa nje huku watoto wakiwa ndani. Mama anatoka alfajiri kwenda kufua nguo Kileleshwa au Lavington, na hana pesa za kumlipa yaya. Moto ukitokea tunamlaani yeye peke yake, ilhali sote katika ploti tuliisikia kufuli ikibana na tukanyamaza. Kina mama watano wakichanga kidogo kidogo wanaweza kumlipa mmoja wao abaki na watoto. Na yule asiyeweza kuchanga, angalau aache ufunguo kwa jirani. Hilo halina gharama.

Maoni yangu ya pili huenda yakawaudhi wengi. Moto ukishapamba katika nyumba zilizoshikana, mara nyingi njia ya kuuzuia ni kubomoa nyumba moja au mbili zilizo mbele yake ili ukose pa kupita. Wakazi wa mitaa yetu wanaijua mbinu hii. Shida ni kwamba hakuna anayekubali nyumba yake ndiyo ibomolewe. Mwenyewe husimama mlangoni na panga, watu wakabishana, na mabishano yakiisha nyumba hiyo imekwisha kuteketea pamoja na nyingine ishirini.

Ninamwelewa mtu huyo. Unamwomba avunjiwe nyumba leo ili watu wengine waokoke, na kesho hakuna atakayemkumbuka. Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Wapangaji na wenye ploti zilizokaribiana wakubaliane mapema, mchana na bila hasira, ni wapi patakapokatwa moto ukitokea upande huu au ule. Kisha wakubaliane kwamba nyumba itakayobomolewa itakuwa ya kwanza kujengwa upya kwa mchango wa wote. Vyama tunavyo tayari. Tunachangia matanga na harusi, tunanunuliana vyombo, na kila juma tunapokezana pesa. Tukiweka akiba ndogo kwa ajili ya nyumba ya kubomolewa, tutakuwa tumemwondoa yule mtu na panga lake mlangoni. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni wa mtaa mzima.

Ni kweli kwamba afadhali moto usitokee kabisa. Usijaze mafuta katika stovu inayowaka au ingali moto. Usinunue mafuta ya taa yenye harufu ya petroli, hata yakiwa rahisi, kwa maana mvuke wa petroli hushika moto kutoka mbali. Watu zaidi ya 100 walikufa Sinai, Mukuru, Septemba 12, 2011, baada ya petroli kuvuja kutoka kwa bomba na kulipuka. Ukinusa gesi ndani ya nyumba, usiguse swichi wala kiberiti. Fungua mlango, funga mtungi, utoke. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, nayo hulala sakafuni kwa muda hata kama umefungua dirisha la juu. Nyaya nyembamba za stima ya kuunganishiwa gizani hupata moto zikibebeshwa hita na pasi, kwa hivyo usizipitishe chini ya godoro au nyuma ya katoni. Mafuta ya kupikia yakiwaka katika sufuria, usiyamwagie maji. Yafunike kwa kifuniko na uzime jiko. Nalo jiko la makaa lisilale nanyi chumbani, kwa kuwa hewa yake huua hata bila moto.

Moto ukikushinda, toka. Usirudi kuchukua televisheni. Moshi ukiwa mwingi, tambaa, kwa sababu hewa nzuri hubaki chini. Nguo zikishika moto, usikimbie. Lala chini, ufunike uso kwa mikono na kubiringika, au mwenzako akufunike kwa blanketi zito.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Najua maji kwetu hununuliwa kwa mtungi. Mtungi mmoja wa lita 20 unaweza kutosha ukimwaga polepole kwa kikombe, na ukiyakinga kwa karai safi ili uyatumie tena. Ikiwa ni mtoto, mfunike sehemu ambazo hazikuungua asije akashikwa na baridi. Mvue pete, bangili na nguo zisizoganda kwenye ngozi. Iliyoganda iache. Usipake dawa ya meno, yai, siagi, unga wala majivu. Vitu hivyo hufungia joto ndani na kuleta uchafu, na daktari atalazimika kuviondoa huku mgonjwa akilia. Usitumbue malengelenge. Funika jeraha kwa kitambaa safi kisichonata na umpeleke hospitali bila kukawia ikiwa ameungua uso, mikono, sehemu za siri au viungo, ikiwa ni mtoto mchanga au mzee, au ikiwa jeraha ni kubwa. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, ni kama sehemu 1 katika 100 za mwili wake. Mtoto aliyeungua sehemu ya viganja kumi yuko katika hatari ya kufa kwa kupoteza maji. Mwenye masizi puani au sauti iliyokwaruza aende pia, hata kama ngozi yake haina alama.

Mwisho, kuna yale yanayofuata wakati kamera zimekwisha kuondoka. Walioponea hupewa blanketi, unga na sufuria, na hayo ni mema. Lakini ni nadra mtu kuulizwa kama dawa zake zimeungua. Katika kila safu ya nyumba zilizoteketea yumo anayemeza dawa za kifua kikuu, za kupunguza makali ya Ukimwi, za kisukari, za presha au za kifafa. Akikosa siku kadhaa kwa sababu anaona haya kusema, moto umemuunguza mara ya pili. Rudi kliniki yako siku inayofuata, hata bila kadi. Andika jina la dawa na kipimo chake katika karatasi, pamoja na nambari ya kitambulisho na ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, umpe ndugu anayeishi mtaa mwingine akuwekee. Ukipoteza kitambulisho, anza na abstrakti ya polisi.

Usishangae pia usingizi ukikukimbia, mtoto akianza tena kukojoa kitandani, au harufu ya jiko la jirani ikikufanya utetemeke. Huo si uoga wala kurogwa. Ni akili inayojaribu kukulinda, na kwa wengi hali hiyo hupungua kadiri wiki zinavyopita, hasa mtu akipata wa kuzungumza naye na watoto wakirudi shuleni mapema. Ikipita mwezi bila nafuu, muone mhudumu wa afya kama vile ungefanya kwa kidonda kisichopona.

Watu husema moto ni mapenzi ya Mungu. Sitabishana na imani ya mtu, lakini sijaona mahali Mungu alipotuagiza tufungie watoto ndani au tumpe mwenye ploti ufunguo pekee wa lango. Jumapili hii, baada ya kanisa, au siku yoyote inayowafaa, waite majirani zako kwa nusu saa. Zungumzeni mambo manne tu: nani ana funguo za lango, nani atawatoa wazee na walemavu, patakatwa wapi, na nyumba iliyobomolewa itajengwa kwa pesa gani. Kabla hamjaachana, kila mmoja arudi chumbani mwake, azime taa, afumbe macho, na ajaribu kuufungua mlango wake. Atakayeshindwa ndiye wa kusaidiwa kwanza.