Tusimkemee Mama Peke Yake

Wapo wapendwa wanaosema kwamba mchungaji akisoma sosholojia amepoa kiroho. Wanadai elimu hii inamfutia mtu dhambi zake na kuitupia jamii lawama. Nasema wamekosea, na kosa lao linawagharimu binti zetu hapa Manyara.

Sosholojia ni elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja. Msomi wake akiona jambo lilelile linatokea nyumba baada ya nyumba, haishii kuuliza, "Huyu ana moyo wa namna gani?" Anauliza pia, "Ni kitu gani kinachowabana wote hawa?" Mwaka 1897 Mfaransa Émile Durkheim alitoa kitabu kuhusu watu wanaojiua, jambo ambalo tungedhani ni siri ya mtu na moyo wake. Aliona kwamba kila nchi ilikuwa na kiwango chake, kisichobadilika sana mwaka hadi mwaka, na kwamba Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki. Alieleza kuwa pale vifungo vya ushirika vinapolegea, mtu hubaki peke yake. Sisi Walutheri tusilipite neno hilo haraka.

Sasa tuje nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 58 ya wanawake wa Manyara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 43, wakati kwa taifa zima ilikuwa 8. Tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mahubiri nayo hayajakosekana. Mbona basi kisu hakijawekwa chini?

Je, akina mama wa Manyara wanawapenda binti zao kidogo kuliko wa mikoa mingine? Nani atathubutu kusema hivyo? Mama anajua kwamba binti asiyekeketwa atachekwa, na huenda asipate mchumba. Akiacha peke yake, binti yake ndiye atakayelipa. Wakiacha wote pamoja, hakuna wa kulipa. Ndipo mahubiri yetu yanapogonga mwamba: tunamkemea mama mmoja kwa jambo lililoshikwa na wengi. Mimi mwenyewe nimehubiri hivyo, na wanaume wakaitikia "Amina" kwa nguvu, kwa kuwa halikuwagusa.

Lakini linawagusa. Baba anayetafutia mwanawe mke na kijana anayeoa ndio wanaoipa desturi hii thamani. Ngariba hupata kazi kwa sababu yao.

China nako, kwa karne nyingi, wasichana walifungwa miguu ili waolewe. Mwishoni mwa karne ya 19 familia ziliungana katika vyama na kuahidi mambo mawili: hatutawafunga binti zetu miguu, wala wana wetu hawataoa waliofungwa. Ahadi ya pili ndiyo iliyoipa nguvu ile ya kwanza, na desturi ile ya kale ikaanguka ndani ya vizazi vichache.

Nitaambiwa, "Mchungaji, dhambi ni ya mtu binafsi." Someni Isaya sura ya 6. Nabii akiwa mbele za Bwana alikiri uchafu wa midomo yake, na papo hapo akakiri kwamba anakaa kati ya watu wenye uchafu uleule. Hakuificha dhambi yake nyuma ya watu, wala hakuwaacha watu nje ya toba yake. Sosholojia hainifutii dhambi yangu. Inanionyesha nilioitenda pamoja nao.

Kwa hiyo, wazee wa kanisa, tuache kuwaachia akina mama mzigo huu. Siku ya kipaimara, baba wenye wana wa kiume wasimame mbele ya usharika pamoja na wana wao, waseme kwa sauti kwamba binti asiyekeketwa ni mkwe wao wa heshima. Jumuiya zote ziseme hivyo, kwa majina, hadharani. Asiyekuwa tayari kusimama, asimkemee mama.