Moshi wa Jikoni na Jicho la Moyo



Wako wanaosema kwamba jicho halidanganyi. Nasi twasema: jicho huona kile ambacho moyo umekwisha kuliagiza likione. Ushahidi hauko mbali. Katika vijiji vya Usukuma vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Mama aliyepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe kwa miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Ni moshi ule ule uliowaivishia chakula wana na wajukuu. Lakini mwenye hofu haoni moshi, huona uchawi. Mtoto akifa kwa malaria, hukumu imekwisha kutolewa. Katika miaka ya 2010, taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zilihesabu mamia ya watu waliouawa kwa imani za kishirikina.

Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Ilitenda vema. Hata hivyo tusijidanganye: mara nyingi mganga hutaja jina ambalo mteja amekuja nalo kifuani. Ramli ya kwanza hupigwa moyoni, na huko askari hafiki.

Wengine hutetea wakisema kwamba mwenye hofu asilaumiwe, kwa kuwa hakuichagua. Hatukubali. Hofu huja bila kuitwa, lakini anayeipa kiti na kuilisha kwa minong'ono ni sisi. Wala tusiwasingizie wapagani: wabatizwa nao hunong'ona, tena wakitoka Misani. Wanafunzi wa Bwana wenyewe, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Macho yao yalikuwa mazima, ila walitafuta mkosaji mahali alipokuwapo mhitaji. Bwana alilikataa swali lenyewe.

Kanisa lina dawa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alifundisha kuchunguza dhamiri: kumshukuru Mungu, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuazimia kujirekebisha. Siku hizi utulivu wa ndani husifiwa kama njia ya kupata usingizi mnono. Sisi twautafuta ili jirani asife kwa sababu ya giza letu.

Basi juma hili, kila jioni, tumweke mbele ya Mungu yule tunayemshuku, tujiulize: tuliona nini kwa hakika, na nini tumekiongeza wenyewe? Kisha twende kwake. Akiwa ni bibi mwenye macho mekundu, tumwamkie shikamoo, na tulitoboe dirisha jiko lake ili moshi utoke.

Dominika njema.