Shule ya Watoto Wadogo: Tuipime kwa Mizani Gani?



Wazee wetu walituachia neno: samaki mkunje angali mbichi. Neno hili twalitamka mara nyingi, hasa tunapotaka kumrudi mtoto. Lakini ni wachache wajiulizao jambo la pili: Je, yule tuliyempa kazi ya kumkunja samaki aijua kazi yake? Maana mkono usiojua haumkunji samaki; humvunja.

Leo nataka kusema nanyi juu ya shule za watoto wadogo, watoto wa miaka 3, 4 na 5, zile tuziitazo matenele, na ambazo watu wa zamani waliziita gardiene.

Jioni moja walinijia baba na mama, jirani zangu hapa Minova. Baba ni mvuvi wa sambaza, mama huuza maharagwe sokoni. Mtoto wao wa miaka 4 alikuwa amemaliza miezi mitatu katika matenele ya shule moja ya serikali. Jina la shule silitaji, halina faida kwetu.

Baba akaanza: «Mwalimu, mama watoto ataka kumtoa mtoto shuleni, nami nakataa. Tumelipa minervali, tumeshona sare. Tena mtoto ameendelea sana. Msikilize mwenyewe.»

Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, akahesabu kwa Kifaransa kutoka moja hadi ishirini bila kukosa. Baba akatabasamu. Mama hakusema neno. Alingoja mtoto amalize, kisha akamwambia kwa upole: «Haya baba, nenda jikoni uniletee viazi vitano.»

Mtoto akaenda, akarudi amekumbatia viazi vyote alivyoweza kubeba.

«Waona, mwalimu,» akasema mama. «Na hilo si kubwa, atajifunza. Liniumizalo ni jingine. Zamani mtoto huyu aliniuliza maswali hata nikachoka. Sasa haulizi kitu. Jana nimemkuta nyuma ya nyumba amepanga magunzi ya mahindi mistari mitatu, ameshika fimbo, ayapiga na kusema: Nyamaza! Nyamaza!»

Hapo baba akainamisha kichwa. Nami nikainamisha changu, maana nina deni katika jambo hili. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipita mbele ya darasa la wadogo, nikaona watoto wengi wamekaa kimya kabisa, nikamsifu mwenzangu kwa kazi njema. Sikujiuliza kama kimya kile kilikuwa cha utulivu au cha woga. Mwaka uliofuata watoto wale walikuja katika darasa langu la kwanza la msingi. Walijua kurudia kila neno nililolisema. Lakini nilipowauliza wao waonaje, walitazama chini.

Basi wazazi, jambo hili si dogo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Agizo hilo lilitiliwa nguvu Septemba 2019, na madarasa yakafurika watoto. Nayo sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imeiweka matenele kuwa ngazi ya miaka mitatu kabla ya ile ya msingi. Lakini bure ile ya 2019 ilikuwa ya shule ya msingi. Kwa matenele wazazi wengi waliendelea kutoa fedha zao. Mwenye kutoa fedha kidogo alizonazo ana haki ya kujua ananunua nini.

Wengine husema: «Shule yo yote ni bora kuliko kukaa nyumbani.» Je, ni kweli? Tutazame mambo yaliyoonekana kwingine.

Huko Marekani, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, walimu walifungua shule ndogo ya namna hii kati ya mwaka 1962 na 1967. Watoto 123 wa jamaa maskini waligawanywa: 58 waliingia shuleni, 65 hawakuingia. Kila mwalimu alikuwa na watoto wachache, kama sita tu. Watoto walipanga michezo yao wenyewe, wakaitenda, kisha wakaeleza walivyofanya. Tena kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto kuzungumza na mama yake. Watoto wale walifuatwa hata wakafika miaka 40. Waliosoma pale walimaliza shule kwa wingi zaidi, walipata mishahara mikubwa zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao.

Sasa sikilizeni habari ya pili, ya nchi ile ile. Katika jimbo la Tennessee serikali iliweka madarasa ya watoto wa miaka 4 katika shule zake. Penye maombi mengi kuliko nafasi, watoto walichaguliwa kwa kura. Wataalamu wa chuo kikuu cha Vanderbilt waliwafuata watoto karibu 3,000 wa namna hiyo. Mwisho wa mwaka wa kwanza waliopata nafasi walikuwa mbele, wazazi wakafurahi. Lakini habari iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba walipofika darasa la sita walikuwa nyuma ya wale waliokosa nafasi, katika kusoma, katika hesabu na katika sayansi. Tena walipata makosa mengi zaidi ya nidhamu. Wataalamu hawakuweza kuithibitisha sababu. Walakini mmoja wao, Dale Farran, aliyeyatazama madarasa hayo kwa miaka mingi, alilalamika kwamba watoto maskini hukalishwa kundi zima wakimsikiliza mwalimu, huamriwa mno, na hucheza kidogo mno.

Mwaona basi. Shule mbili, zote za watoto wadogo, zote kwa ajili ya maskini. Matunda yake ni mbalimbali. Jina la matenele si dawa. Dawa ni yale yatendekayo ndani.

Huenda mtu akasema: «Hayo ni ya matajiri. Sisi tuna nini?» Ndugu yangu, geuza macho uitazame pwani ya Waswahili. Katika miaka ya 1980, huko Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya shule za watoto wadogo pamoja na madrasa za Waislamu, kwa msaada wa shirika la Aga Khan. Baadaye kazi hiyo ilienea Unguja na Uganda. Walimu walikuwa akina mama na wasichana wa mitaa ile ile, waliofundishwa kazi na kutembelewa darasani mara kwa mara. Vyombo vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya pale pale: vifuu vya nazi, mbegu, vizibo vya chupa. Watoto wao walipopimwa, walionekana kuendelea kuliko watoto wa shule nyingine walizolinganishwa nazo. Je, hapa Minova tumekosa maharagwe, magunzi, vijiti vya mikaratusi na mawe ya volkano?

Nikawaambia jirani zangu: «Msimtoe mtoto bado, wala msimwache hivi hivi. Nendeni mkakae asubuhi moja darasani, mtazame mambo manne.» Mambo yenyewe ni haya.

Kwanza, tazameni uso wa mtoto mwalimu anapomkaribia. Je, anamkimbilia au anajikunyata? Watoto wetu si watoto wa nchi tulivu. Nyiragongo ulipolipuka Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia hata Minova. Mwanzoni mwa 2024 wakimbizi wa Masisi walijaa hapa, wengine wakalala katika madarasa. Januari 2025 vita viliingia Minova yenyewe. Mtoto aliyezisikia bunduki hahitaji sauti nyingine ya kumtisha. Somo lake la kwanza ni kujua kwamba yupo mtu mzima mwenye upole, na kwamba kesho atamkuta pale pale.

Pili, sikilizeni ni nani anayesema. Kama ni mwalimu peke yake tangu asubuhi hata kengele ya mwisho, watoto wakiitikia tu kama mwangwi wa mlima, hapo pana upungufu. Mtoto mdogo hujifunza kwa kuuliza, kueleza na kubishana na mwenzake. Na aanze kwa lugha aijuayo, iwe Kihavu, Kihunde au Kiswahili. Kifaransa kitapata mahali pake. Lakini hesabu isiyoweza kuleta viazi vitano bado ni wimbo tu.

Tatu, tazameni mikono. Je, ina kitu cha kushika, kupanga, kumwaga, kujenga? Dada yetu Maria Montessori, daktari wa Italia, alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, katika mtaa wa maskini, aliwapa vitu vya kushika na kazi za kweli za mikono. Mchezo wa mtoto si upotevu wa saa. Ndiyo kazi yake.

Nne, hesabuni watoto, kisha mhesabu walimu. Mwalimu mmoja kwa watoto 60 hawezi kuwa mwema sana, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Atashika fimbo kwa sababu ya kuchoka, si kwa sababu ya ubaya.

Wakaenda. Walirudi wamenyamaza kidogo, maana walichokiona hakikuwa kile walichokitazamia. Walimkuta mwalimu kijana, peke yake, mbele ya watoto 64, katika chumba chenye mabenchi ya wakubwa, miguu ya wadogo ikining'inia. Mama alikwenda na hasira. Mwalimu alipomwona, alimwambia kwa sauti ya chini: «Mama, mimi mwenyewe sipendi fimbo. Lakini nifanye nini?»

Swali hilo halikumhusu mwalimu peke yake. Wazazi wa darasa wakaitana siku ya Jumapili, wakakaa na mkubwa wa shule. Hawakuwa na fedha za kujenga. Walikata shauri hili: watoto wagawanywe makundi mawili, moja la asubuhi, moja la baadaye, saa chache kila kundi, kila siku mama mmoja aje kwa zamu kumsaidia mwalimu, mabenchi yaondolewe, mikeka itandikwe, na fimbo isiingie tena mlangoni. Baba mvuvi, aliyekuwa akisifu Kifaransa cha mwanawe, alichonga vipande vya mti vya kujengea, gunia zima.

Sisemi kwamba yote yametengenea. Zamu nyingine mama hafiki, mvua ikinyesha chumba huvuja, na kuna mzazi aliyemtoa mtoto wake akisema hakulipa fedha ili mtoto acheze mkekani. Haya ndiyo mambo ya wanadamu. Lakini juzi mama yule alinisimamisha njiani akicheka. Alikuwa akianika sambaza, mtoto akachuchumaa karibu naye, akawatazama kitambo, kisha akauliza: «Mama, mbona samaki hawafumbi macho?»

«Nimeshindwa kumjibu,» akasema mama. «Lakini nimefurahi kuliko siku ile ya ishirini.»

Wazazi wapenzi, msiipime matenele kwa sare, wala kwa nyimbo za siku ya wageni, wala kwa kimya chake. Ipimeni kwa mtoto arudiye nyumbani: je, anauliza, anacheza, anasema habari za siku yake bila woga? Mkiona sivyo, msikae kunung'unika barazani. Nendeni shuleni. Msaidieni mwalimu kwanza, mwonyeni kwa adabu. Ikiwa hata hivyo hakuna linalogeuka, basi mtoto na akae nyumbani karibu na mama azungumzaye naye, ahesabu viazi na kupanga kuni, kuliko kujifunza kuyapiga magunzi.

Maana mizani ina sahani mbili. Katika moja twaweka shule, na katika ya pili twajiweka sisi wenyewe.