Wasichana wanateswa bwenini, sisi tunacheka!

Ndugu msomaji, usikimbilie kwanza ukurasa wa michezo. Simba na Yanga watakusubiri. Leo tunataka kuzungumza nawe habari za dada yako aliyeko bweni.

Aprili 2025 ilisambaa video ya wasichana wa chuo wakimpiga na kumdhalilisha msichana mwenzao. Polisi wa Dar es Salaam wakawakamata watuhumiwa. Ikadaiwa kwamba chanzo ni mwanamume. Sasa tuulizane kiume: wewe video ile ulitumiwa na nani, na uliwarushia wangapi? Vijiweni watu waliitazama kama pambano la ndondi. Huyu anasifia kofi, yule anataka kuiona vizuri sura ya anayepigwa.

Mchezo ule hauanzii chuoni. Unaanzia sekondari. Njuka anashuka na ndoo, godoro na tranka lake, na wakubwa wanamsubiri mlangoni. Atafua sare za watu. Atateka maji kabla ya kengele. Sukari yake itagawanywa mbele ya macho yake. Hayo wavulana tuliosoma bweni tunayajua, na tuna ujinga wa kuyasimulia kwa majivuno.

Kwa wasichana kuna la ziada ambalo sisi hatulioni. Anatengwa. Meza nzima inanyanyuka akikaa. Ujumbe alioandikiwa na mvulana unasomwa kwa sauti bweni zima. Anapachikwa jina, nalo linamfuata hadi Form Four. Akienda kushtaki anaulizwa amepigwa wapi, na hana jeraha la kuonyesha. Akibahatika kusikilizwa, mwonevu na mwonewa wote wanachapwa fimbo ili yaishe.

Usiseme hayo ni mambo ya wanawake. Waliosoma Mlimani wanamkumbuka Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyejiua Februari 1990 baada ya kuandamwa na wanafunzi waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch. Hao walikuwa wanaume, tena wasomi wa taifa. Silaha yao ilikuwa kejeli za kubandika ukutani. Leo ukuta huo uko mfukoni mwako na unauwekea vocha.

Na serikali je? Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza mkoani Pwani kwamba katika utawala wake msichana aliyezaa hatarudi shule. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021, yeye akiwa ameshafariki. Tunashukuru. Lakini binti anayerudi leo anakaa dawati moja na wenzake waliokua wakisikia, kutoka juu kabisa, kwamba mtu wa namna yake hafai kuchanganyika nao. Wakimzomea "mama watoto", nani aliwafundisha? Hatujasikia kiongozi yeyote wa CCM akisimama jukwaani kuifuta kauli ile kwa sauti kubwa kama ilivyotamkwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtisha na kumnyanyasa mtu kwa njia ya kompyuta. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hatusemi watoto wa shule wafungwe, la hasha. Tunasema dola ina macho inapotaka kuona. Mwaka 2016 kijana mmoja wa Arusha alitiwa hatiani kwa kumtukana Rais kwenye Facebook, na alipatikana bila taabu. Je, umewahi kusikia askari wakikimbia hivyo kwa ajili ya binti wa Form Two ambaye picha yake inazungushwa mji mzima?

Wakubwa wanajisifu kwa elimu bila ada, iliyofika Form Four mwaka 2016 na kuongezwa Form Five na Six mwaka 2022. Watoto wameingia kwa wingi, ni jambo jema, hatulipingi. Ila kuingiza watoto bwenini ni kazi moja, kuwalinda ni kazi nyingine. Matroni ni mwalimu aliyefundisha kutwa nzima, naye ana nyumba na watoto wake. Jioni anaondoka. Bweni linabaki mikononi mwa kiranja wa miaka 17, ambaye mara nyingine ndiye mnyanyasaji mkuu.

Kwa hiyo siku ya kutembelea wanafunzi usimwachie mama peke yake. Panda basi uende. Usimuulize dada yako habari za mtihani tu, muulize anakula meza moja na nani. Akinyamaza, usiondoke.

Nasi tunamuuliza Waziri wa Elimu, na tunataka jibu lenye tarakimu, si hotuba: ni mabweni mangapi ya wasichana nchi hii ambayo usiku wa leo yana mtu mzima anayelala humo?