Nyota Kwenye Risiti, Kaunta Buku Mezani

Juu ya meza ya wakala wa pesa za simu pamelala kaunta buku lenye jalada gumu, kalamu yake imefungwa kwa uzi isije ikatembea. Mistari imepigwa kwa rula: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Anayeinama kutia sahihi yake anawasoma wote waliomtangulia tangu asubuhi. Fulani katoa laki tatu. Namba yake hiyo hapo, hata kunakili haina haja, mtu anapiga picha tu.

Mteja huyohuyo akilipa kwa kadi supamaketi, risiti inamjia na msururu wa nyota na tarakimu nne mwishoni. Kule kasitiriwa, huku kaanikwa.

Nyota hizo si urembo. Mwaka 2003 Marekani ilitunga sheria kwamba risiti ya mashine isichapishe zaidi ya tarakimu tano za mwisho za kadi, wala tarehe ya kadi kuisha muda. Risiti hutupwa hovyo, na namba nzima ya kadi pamoja na tarehe hiyo vilimtosha mwizi. Kampuni za kadi nazo zina kanuni yao ya pamoja kuhusu tarakimu zipi zionekane na zipi zifunikwe.

Tatizo ni pale kila mmoja anapofunika anavyojua yeye. Agosti 2012, mwandishi wa jarida la Wired, Mat Honan, alifutiwa simu, tableti na kompyuta yake, picha za bintiye zikiwemo. Wahuni walianza kwa kuipigia simu Amazon hadi wakaingia kwenye akaunti yake, na humo wakasoma tarakimu nne za mwisho za kadi, zile zinazoachwa wazi kwa kuwa eti hazina madhara. Wakazipeleka Apple. Huko, tarakimu hizohizo nne pamoja na anwani ya malipo zilitosha kuthibitisha kwamba anayepiga ndiye mwenye akaunti. Kwa kampuni moja zilikuwa makapi, kwa nyingine ufunguo wa nyumba.

Huku kwetu hesabu ni nyepesi zaidi. Namba ya simu ikifunikwa tarakimu tatu za katikati, yaliyobaki ni majaribio 1,000. Na mitandao ya pesa hutaja jina la mpokeaji kabla mtumaji hajathibitisha, jambo jema linalookoa pesa zisipotelee kwa mtu baki. Ila mwenye subira na nia mbaya, akiwa na jina mkononi, atajaribu namba moja baada ya nyingine mpaka jina lilingane.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, nayo ina mtego wake. Ni tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ofisi ikizifunika 12 za mwisho na kujiona imemaliza kazi, imeibakiza wazi tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kuwa asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya wanakoishi. Jina halikuhitajika.

Kenya ilipata sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Ya Tanzania ni ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinataka kisikusanywe zaidi ya kinachohitajika, lakini ni kama vile zimeandikwa kwa ajili ya kompyuta peke yake.

Kaunta buku ndilo la kuanza nalo. Mawakala wana hoja: mteja akija kesho kudai kwamba hakupewa pesa, sahihi ndiyo shahidi. Haya, sahihi ibaki. Lakini kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, na mtandao tayari unajua nani katoa nini. Ikiandikwa namba hiyo, tarakimu tatu za mwisho za simu na sahihi, ubishi unamalizika bila jirani kujua laki tatu za mwenzake.

Kisha kaunta buku lililojaa lipangiwe siku ya kuchomwa. Likisahaulika uvunguni mwa meza, si ajabu siku moja kuzikuta kurasa zake zimefungia karanga.