Mlinzi wa Mali Asiyeijua Mali

Askari wa mpakani hupewa silaha, daftari la kuandikia na amri ya kukagua mizigo. Elimu ya mawe hapewi. Tuchukue mfano wa askari aliye zamuni kwenye njia itokayo Kirewa, wilayani Tororo, kuelekea Busia. Amsimamisha msafiri, afungua mfuko na kukuta vijiwe vya buluu. Msafiri asema kwamba ni vipande vya chupa vya kutengenezea shanga. Akimwachia, huenda utajiri wa Afrika Mashariki umepita mbele ya macho yake. Akimtia ndani, huenda maskini amelala mahabusu kwa sababu ya kioo. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni kutokujua.

Sisi twaona kwamba jemolojia, yaani elimu ya vito, haina budi kuhesabiwa miongoni mwa mafunzo ya ulinzi. Hatudai kwamba Kirewa imejaa vito. Huko Busia wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu, na Tororo yajulikana kwa mawe ya chokaa na fosfati ya Sukulu. Lakini askari wa mpakani hakagui vya kwao tu. Hukagua kila kipitacho.

Ndugu zetu wa Tanzania wametupatia funzo. Tanzanaiti iligunduliwa Mirerani mwaka 1967, na kwa miaka mingi ilitoroshwa. Wanajeshi wakajenga ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuyazunguka machimbo, ambao Rais John Magufuli aliuzindua Aprili 6, 2018. Kazi ile yastahili sifa. Hata hivyo ukuta hauna macho. Mwenye macho ni askari asimamaye langoni. Naye akifunzwa atajua kwamba tanzanaiti ikigeuzwa kwenye mwanga huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, hali kioo cha kawaida hubaki na rangi ile ile. Atajua pia kutazama kwa lensi ikuzayo mara 10, na kutafuta viputo vya hewa ambavyo mara nyingi huonekana ndani ya kioo. Dalili hizo zitamwonyesha ni jiwe gani la kupelekwa kwa mtaalamu, ambaye hupima uzito wake na jinsi linavyopinda mwanga, ndipo atoe hukumu.

Elimu hiyo haiko mbali. Kituo cha Jemolojia Tanzania, kilichoko Arusha, hufundisha ukataji na ung'arishaji wa vito; na kutoka Malaba mtu hufika huko kwa basi kupitia Nairobi na Namanga. Atakaye kujua jinsi mawe yanavyozaliwa ardhini aweza kusoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mwenye Kiingereza cha kutosha aweza kuomba masomo ya Gem-A ya Uingereza, ambako mitihani ya vito ilianza mwaka 1913, au ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931. Baadhi ya masomo hayo husomwa mtu akiwa nyumbani kwake. Wala tusidhani kwamba elimu hii haisemeki kwa lugha yetu: GIA yenyewe ilitoa kijitabu cha Kiswahili cha kuwafundisha wachimbaji wadogo wa Tanzania kuchambua mawe ghafi.

Gharama za masomo ya ng'ambo, hata hivyo, hazilingani na mshahara wa koplo. Kwa hiyo twashauri kwamba wakubwa wa majeshi wachague askari wawili wawili kutoka kila kituo kikuu cha mpaka, wawapeleke masomoni kwa fedha za serikali, nao wakirudi wawafundishe wenzao. Cheti kitakuwa mali ya askari mwenyewe. Siku atakapovua sare hataishia kulinda maduka ya watu usiku. Atakuwa fundi wa vito mwenye kazi yake.

Tuongeze neno moja la onyo. Askari ajuaye vito kisha akafanya biashara yake kizuizini ni hatari kuliko yule asiyejua kitu, maana huyu wa pili hupitisha mali kwa ujinga, na yule wa kwanza huichagua. Maadamu mtu amevaa sare, elimu hii itumike kwa ulinzi peke yake.