UFUGAJI WA KUKU: Kuhara Damu kwa Vifaranga Wakati wa Mvua

Mvua za masika zianzapo kunyesha katika nchi ya Busia, ndipo vifaranga wengi hufa. Mama wa Busibwabo aliyeatamisha kuku watatu akapata vifaranga 30 huenda akaamka asubuhi moja na kuwaona wanne wamesinyaa, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, na kinyesi chao kina damu. Siku ya tatu wamebaki 15. Nao hao ndio aliotazamia kuwauza sokoni Busia mjini mwezi wa Agosti, ili alipe karo ya muhula wa tatu.

Jirani mmoja atasema ni kijicho cha watu, na mwingine atasema ni kideri. Mara nyingi si hili wala lile. Ugonjwa huo ni kuhara damu, ambao madaktari wa mifugo huuita koksidiosi, nao una dawa.

Huletwa na vijidudu viitwavyo koksidia, visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika utumbo. Kuku mkubwa huweza kuvitoa katika kinyesi chake bila yeye mwenyewe kuugua. Vikipata joto na unyevu chini, huiva kwa muda wa siku moja au mbili, kisha kifaranga huvidonoa pamoja na chakula. Huko tumboni huzaana kwa maelfu na kuipasua ngozi ya ndani ya utumbo, na baada ya siku nne au tano damu huonekana. Wanaoumia sana ni vifaranga wa majuma matatu hadi manane. Yafaa mfugaji akumbuke kwamba kumeza vijidudu vichache hakumwui kifaranga, bali humpa kinga. Wingi wake ndio unaoua. Kwa hiyo vita vyenyewe ni juu ya unyevu na msongamano, wala hakuna haja ya kutafuta banda lisilo na kijidudu hata kimoja, kwa maana banda hilo halipo. Koksidia za kuku haziwadhuru mbuzi wala watu.

Asiye na hakika na ampasue kifaranga aliyekufa muda si mrefu. Karibu na mwisho wa utumbo kuna vijifuko viwili virefu. Vikiwa vimevimba na kujaa damu, ugonjwa umejulikana.

Dawa iliyo rahisi kupatikana katika maduka ya dawa za mifugo ni amproliamu, ambayo hutiwa katika maji ya kunywa. Ikiwa ni unga wenye nguvu ya asilimia 20, kipimo cha wagonjwa ni gramu 1.2 katika lita moja ya maji kwa siku tano, kisha robo ya kipimo hicho kwa juma moja au mawili. Dawa za viwanda mbalimbali hazilingani nguvu, kwa hiyo maandishi ya pakiti yasomwe kwanza. Maji yachanganywe upya kila siku, na vifaranga wasiwe na maji mengine ya kunywa, hata ya dimbwi la uani. Wanyweshwe wote, si wale wagonjwa tu, kwa sababu mgonjwa sana hanywi, na yule aonekanaye mzima ndiye aponaye vizuri zaidi. Tena kuna kosa ambalo hata wafugaji hodari hulifanya: kuchanganya dawa hii na unga wa vitamini. Amproliamu hufanya kazi kwa kuvinyima vijidudu vitamini B1. Mwenye kuwapa kuku vitamini hiyo siku zile zile huvilisha vijidudu na kuiharibu dawa. Vitamini zingoje mpaka dawa imalizike. Dawa za salfa nazo hutibu, lakini kuku wanaotaga mayai ya kuliwa wasipewe.

Vidonge vya rangi mbili vya binadamu havifai kitu hapa, wala pilipili na shubiri hazitoshi. Ubaya mkubwa wa vitu hivyo ni siku mbili tatu zinazopotea wakati vifaranga wanakufa.

Wakati wa kutibu, matandiko yaliyolowa yatolewe yote na kutiwa makavu, maranda au makapi ya mpunga. Dawa za kawaida za kuua wadudu haziziwezi koksidia. Ukavu na jua kali ndivyo vinavyoziweza. Chombo cha maji kiinuliwe juu ya matofali, kifikie kimo cha mgongo wa kifaranga, wasikikanyage na kukinyea. Mwenye uwezo wa kujenga kibanda cha sakafu ya fito au wavu, kilichoinuka kutoka chini, kinyesi kikaanguka nje, amekwisha kupunguza taabu kubwa.

Kideri ni jambo jingine kabisa. Ugonjwa huu, uliotambuliwa katika Kenya mwaka 1935, huua wakubwa kwa wadogo. Wengine hupinda shingo, wengine huhara kinyesi cha kijani, wengine hukoroma. Hauna dawa ila chanjo kabla haujafika: tone moja katika jicho, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja huwatosha kuku wengi kuliko wa boma moja, nacho kikifunguliwa hakiwekwi. Heri majirani wachangiane na kuchanja siku moja.

Na kuna desturi moja ya kulaumiwa. Mtu aonapo kuku mmoja amekufa kwa kideri, hukimbilia sokoni kuwauza waliobaki, naye mnunuzi huupeleka ugonjwa Nambale, Malaba, au ng'ambo ya mpaka Uganda. Katika nchi ambayo mgeni huheshimiwa kwa kuchinjiwa kuku, na firigisi huwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba, kuuziana mauti namna hii ni aibu. Kuku aliyenunuliwa atengwe majuma mawili au matatu kabla ya kuchanganywa na wengine.

Ndui ya kuku huonekana kwa vidonda juu ya upanga na kando ya macho. Huenezwa na mbu, nayo ina chanjo yake. Kuhara kweupe kwa vifaranga wa siku chache tu si koksidia. Mara nyingi hutoka kwa mama yao kupitia yai, na kuku huyo asiatamishwe tena.

Waliokufa, kwa ugonjwa wo wote, wachomwe au wafukiwe ndani sana, wasitupwe mtoni Sio wala kupewa mbwa. Kuku wengi wakifa kwa siku moja au mbili, afisa wa mifugo apewe habari siku hiyo hiyo, na mzoga mmoja ulio mpya afungiwe katika karatasi ya nailoni ili auchunguze.